Kipandio cha Saba

Mama mmoja anayejenga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ameniletea swali ambalo sikuweza kuliacha. Fundi wake alipanda na kushuka ngazi ileile asubuhi nzima, akiinua kozi za tofali kutoka usawa wa madirisha. Mchana, akielekea juu kumwaga zege la lenta, ngazi iliteleza miguuni. Haikuvunjika, wala msumari haukung'oka. Fundi alitua kwa miguu, akavunjika kisigino. Majirani walikuja kutoa pole, wakasema ajali haina kinga. Mama hakuridhika. Kama ngazi ilikuwa na kasoro, aliuliza, mbona haikumwangusha alipokuwa kipandio cha pili au cha tatu, ambako angeumia kidogo tu? Kwa nini ilisubiri mpaka akafika juu?

Ni swali zuri mno, kwa sababu amegusa jambo la kweli. Ngazi iliyosimikwa vibaya husubiri. Humruhusu mtu kupanda, humzoesha, humpa imani, halafu humnyima mshiko pale hasa ambapo kuanguka kunaumiza. Na sababu yake inaweza kuhesabiwa kwa hesabu ya darasa la saba.

Sitakaa sana kwenye mvutano wa dunia wala kwenye mifupa. Itoshe kusema kwamba mtu anayeanguka kutoka mita 2.1 hufika chini kwa muda unaopungua sekunde moja, takriban sekunde 0.65, akiwa na kasi ya kilomita 23 kwa saa. Daktari akimpokea aliyevunja kisigino kwa kuanguka, hukagua pia pingili za chini za uti wa mgongo, maana kishindo kinachopasua kisigino hupanda juu kwa mguu na mara nyingine huiponda pingili iliyo mbali nacho. Nchini Marekani, ambako vifo vya kazini huhesabiwa kwa uangalifu, kuanguka peke yake huchukua zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote vya sekta ya ujenzi.

Nyumba za makazi hudharauliwa. Ghorofa la mjini lina mkandarasi, lina bango, lina wakaguzi. Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu haina hata kimoja kati ya hivyo, na wengi huamini kwamba mita 3 si kimo cha kumwua mtu. Hata Marekani dharau hiyo iliingia kwenye taratibu za serikali. Sheria yao inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi dhidi ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani mita 1.8, lakini mwaka 1995 wajenzi wa nyumba za makazi walipewa utaratibu mwepesi zaidi. Ilichukua miaka kumi na mitano kuufuta, Desemba 2010. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini nyumba zetu nyingi hujengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia, na fundi hulipwa kwa siku au kwa mapatano ya mdomo. Aliyevunjika kisigino Chanika hana mwajiri aliyemwandikisha popote. Gharama za matibabu, na miezi ya kukaa bila kazi, zinaiangukia familia yake.

Sasa turudi kwenye ngazi.

Chukua ukuta wenye kimo cha mita 3. Ngazi imeegemea ukingo wa juu kabisa, na miguu yake iko mita 1.5 kutoka ukutani, kwa sababu karibu na ukuta pana rundo la mchanga na hakuna aliyetaka kulisogeza. Ngazi ina vipandio kumi vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Fundi ana kilo 70. Nitazihesabu kani zote kwa kilo, walimu wa fizikia waniwie radhi, ili mtu wa saiti asihitaji kujua newtoni ni nini.

Fundi akiwa kipandio cha kwanza, uzito wake unatua karibu moja kwa moja juu ya miguu ya ngazi. Ukuta hausikii kitu. Lakini kila anapopanda anasogea pia kuelekea ukutani, kwa kuwa ngazi imelala, na kadiri anavyosogea ndivyo ngazi inavyouegemea ukuta kwa nguvu zaidi. Ukuta nao haukubali kusukumwa bure, unairudisha ngazi nje kwa kani ileile. Msukumo huo unashuka hadi miguuni. Miguu sasa inasukumwa itoke nje, mbali na ukuta, na kitu pekee kinachoizuia ni namna inavyoikamata sakafu.

Vitabu vya shule huiita kani hiyo ya kuzuia msuguano, nami sina ugomvi na neno hilo kwa breki ya baiskeli. Lakini kusuguana ni kwa vitu vinavyopitana, na hapa hakuna kinachopita, kazi yote ni kukataa kupita. Mafundi wenyewe husema ngazi "imeshika". Basi nitaiita mshiko. Najua vijana wa mjini wamelitwaa neno hilo kwa maana ya fedha, na halitaniharibia, kwa sababu ninachotaka kueleza ni deni.

Miguu ya ngazi ni duka la mtaa linalokopesha. Kila kipandio unachopanda unaandikiwa kwenye daftari. Bei ya kipandio kimoja huwekwa na umbali wa miguu kutoka ukutani: kwa ngazi yetu ya mita 1.5 kwa 3, fundi wa kilo 70 anaandikiwa kilo 3.5 za mshiko kwa kila kipandio. Kipandio cha kwanza, kilo 3.5. Cha pili, 7. Cha nne, 14. Cha kumi, 35. Mwenye duka haongei. Hakunji uso wala hagugumii, haonyeshi dalili yoyote kwamba daftari linajaa. Anaandika tu. Lakini kuna kikomo, na kikomo hakipangwi na ngazi, kinapangwa na sakafu. Jamvi la zege lililo kavu na safi linaweza kukopesha, tuseme, sehemu 0.6 ya uzito unaolikandamiza, yaani kilo 42 kwa fundi wetu. Kilo 42 ni zaidi ya 35, kwa hiyo asubuhi, kabla sakafu haijachafuka, anaweza kufika juu kabisa na kurudi salama ingawa ngazi imelala vibaya. Deni halikufika kikomo, na yeye hajui kwamba alikuwa amebakiza kilo 7 tu.

Mchana sakafu si ileile. Watu wamebeba zege, maji yamemwagika, mchanga laini umetawanyika juu ya saruji na punje zake zinaviringika chini ya miguu ya ngazi. Kikomo kimeshuka, tuseme hadi 0.3, yaani kilo 21. Bei ya kipandio haijabadilika. Gawanya 21 kwa 3.5, unapata 6. Fundi atapanda kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, na ngazi itatulia chini yake kama ilivyotulia asubuhi. Akihamishia uzito wake kipandio cha saba, deni linafika kilo 24.5. Duka limefungwa.

Hilo ndilo jibu la mama wa Chanika. Ngazi ileile, mtu yuleyule, na ubaya uliokuwepo tangu alfajiri. Asubuhi fundi alikuwa akijenga usawa wa madirisha na hakuhitaji kupanda zaidi ya kipandio cha tatu au cha nne. Kuta zilipopanda, naye akapanda, akavuka mstari ambao ulikuwa umeshachorwa na ambao jicho haliwezi kuuona. Kipandio cha saba kwenye ukuta wa mita 3 kiko mita 2.1 kutoka chini.

Tuendelee na daftari, maana lina mambo matamu zaidi. Fundi mnene ana hatari kubwa kuliko mwembamba? Mtu wa kilo 100 anaandikiwa kilo 5 kwa kila kipandio badala ya 3.5. Lakini uzito wake unaikandamiza sakafu zaidi, kwa hiyo kikomo chake kinapanda hadi kilo 30. Gawanya 30 kwa 5. Sita. Anaanguka palepale. Mtoto wa kilo 30 akichezea ngazi hiyo naye atateleza baada ya kipandio cha sita. Ndiyo maana kumtuma kijana mwembamba apande kwa sababu eti "yeye mwepesi" hakumkingi na chochote. Ngazi haimpimi mtu uzito, inampima amefika wapi.

Jambo hili liliwashangaza hata wakubwa wa sayansi. Mfaransa Guillaume Amontons, mtu aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, alieleza mbele ya chuo cha sayansi cha Paris mwaka 1699 kwamba kani inayozuia kuteleza hulingana na uzito unaokandamiza, na kwamba ukubwa wa eneo linalogusana hauhesabiki. Hilo la pili lilikuwa gumu kuaminika. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi aliyekuwa amesimamia ujenzi wa ngome kisiwani Martinique, alilipima upya kwa uangalifu mkubwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1785. Amontons alikuwa sahihi. Kwa hiyo kuipigilia ngazi kipande cha ubao mpana miguuni ili "ishike zaidi" hakuongezi mshiko kwenye sakafu ngumu. Ubao ni uleule, sakafu ni ileile, kikomo ni kilekile.

Tofali linalowekwa mbele ya mguu wa ngazi je? Nimeona hili kila saiti niliyopita. Tuseme tofali lina kilo 20. Nalo limekaa juu ya sakafu ileile yenye mchanga, kwa hiyo linaweza kukopesha 0.3 ya kilo 20, yaani kilo 6. Kikomo kinapanda kutoka 21 hadi 27. Gawanya kwa 3.5 na fundi amenunuliwa kipandio cha saba. Akikanyaga cha nane anaondoka na tofali lake.

Sasa saidia fundi. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika hesabu hii. Mwite kijana wa kilo 60 asimame juu ya kipandio cha kwanza kabisa. Kwa kuwa yuko chini, anaongeza deni dogo sana, kilo 3 tu. Lakini uzito wake wote unaikandamiza sakafu, na kikomo kinaruka kutoka kilo 21 hadi 39. Fundi akiwa kipandio cha kumi, juu kabisa, deni lote la wawili hao ni kilo 38. Ngazi inashika, kwa kilo moja. Kijana huyo hashindani na ngazi kwa misuli, na akisimama pembeni akaishika kwa mikono tu msaada wake ni mdogo sana. Anachotoa ni uzito wake, mahali panapofaa.

Na hapo ndipo unapouona mtego. Fundi yuko kipandio cha tisa, anadai karai la zege. Nani wa kulileta? Saidia fundi huyohuyo. Anashuka kutoka kipandio cha kwanza, hatua ndogo ya sentimita thelathini, akiwa amegeuza uso kuelekea rundo la zege. Kikomo kinarudi kilo 21 papo hapo. Deni la fundi juu ni kilo 31.5. Yule aliyeshuka hatajua alichokiondoa mpaka asikie kishindo nyuma yake. Kisha atalaumiwa kwa kutoshika ngazi, ilhali aliitwa kubeba zege na mtu yuleyule aliyekuwa juu. Kijana mmoja kupewa kazi mbili ambazo haziwezi kufanywa pamoja ni kosa la aliyepanga kazi, na kwenye nyumba nyingi aliyepanga kazi ni mwenye nyumba aliyetaka kupunguza vibarua.

Swali linalofuata ni kwa nini ngazi ikianza kuteleza haisimami tena. Mtu angetarajia iteleze kidogo, ijikamate, impe fundi nafasi ya kushuka. Haifanyi hivyo kwa sababu mbili zinazokuja pamoja. Ya kwanza, mshiko wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kinachotembea. Mguu ukishaanza kusogea, sakafu inakopesha kidogo kuliko ilivyokopesha dakika iliyopita. Ya pili, miguu inavyokwenda mbali na ukuta, bei inapanda. Kwenye mita 1.5 kipandio cha saba kilidai kilo 24.5. Miguu ikiwa imefika mita 2, kipandio hichohicho kinadai zaidi ya kilo 36. Kikomo kinashuka huku bei inapanda, na pengo kati yao linazidi kupanuka mpaka ngazi inalala chini. Ndiyo maana aliyeanguka hivi anaweza kusimulia kwamba hakuhisi kuteleza. Kwake, ngazi ilitoweka.

Katika hesabu hii nimeuchukua ukuta kuwa laini kabisa na ngazi kuwa haina uzito. Ukuta wa tofali usiopigwa plasta nao hushika kidogo, na ngazi ya mirunda ina kilo zake. Namba zingesogea, mwenendo ungebaki uleule.

Sasa punguza bei. Hamisha lile rundo la mchanga, sogeza miguu ya ngazi hadi sentimita 75 kutoka ukutani. Hiyo ni robo ya kimo cha mita 3. Kipandio kimoja sasa kinagharimu kilo 1.75. Cha kumi kinadai 17.5. Kikomo cha sakafu chafu, yenye maji na mchanga, ni 21. Fundi anafika juu kabisa bila saidia fundi, bila tofali, bila bahati. Robo hii ndiyo kanuni inayofundishwa Uingereza na Marekani, mguu mmoja nje kwa kila minne juu, na ukiipima kwa nyuzi ni kama 75. Mwaka 2013 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilitoa programu ya bure ya simu inayompigia mtu mlio anapoisimamisha ngazi kwenye nyuzi hizo. Lakini mwili wa fundi unatosha. Weka ncha za vidole vya miguu kwenye miguu ya ngazi, simama wima, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifikia kipandio kilicho mbele yako, ngazi imekaa karibu na robo.

Kwa ngazi za mbao zilizopigwa palepale saiti na ambazo miti yake imeungwa, kanuni za Marekani zinataka zisimame wima zaidi, thumuni badala ya robo. Mkao huo huupunguzia uzito ule muungo wa katikati, na deni la miguuni linapungua nusu. Usizidishe lakini. Ngazi iliyosimama kupita kiasi humfuata fundi nyuma anapojivuta, na hapo hakuna sakafu inayoweza kusaidia. Pia mtu anayejinyoosha pembeni kufikia kona ya lenta anaileta hesabu nyingine kabisa, ya kupinduka. Kitovu kibaki kati ya miti miwili ya ngazi, na kama kona iko mbali, ashuke aihamishe.

Bado nina wasiwasi na kuitegemea sakafu hata kwa robo. Juu ya jamvi lenye mafuta ya fomu au tope, kikomo kinaweza kushuka chini ya kilo 17.5, na hakuna mtu atakayekipima kabla ya kupanda. Kamba haihitaji kupimiwa. Funga miguu ya ngazi kwenye nondo iliyochomoza chini ya nguzo, kamba ikiwa imekazwa kuelekea ukutani, na deni lote linalipwa na kamba. Kilo 35 ni kidogo sana kwa kamba ya katani ya unene wa kidole. Mahali ambapo bado ni udongo, chimba vishimo viwili vya kina cha kiganja, miguu izame humo, na upigilie kigingi mbele ya kila mguu. Halafu funga na juu, kwenye nondo ya lenta au kwenye boriti, ili ngazi isikimbie kando fundi anapotoka kipandio cha mwisho kwenda ukutani. Hatua hiyo ya kutoka ngazini inahitaji kitu cha kushika, ndiyo sababu miti ya ngazi hutakiwa kupita ukingo kwa karibu mita 0.9. Fundi anayelazimika kuinama na kuitafuta ngazi kwa mguu akiwa amegeukia nyuma atausukuma mti kwa nje kabla hajakanyaga.

Mama, boma lako bado halijafika kenchi. Kwenye kuta za mita 3 miguu ikae sentimita 75 kutoka ukutani, na mchanga wa plasta umwagwe upande ambao ngazi haitasimama. Mafundi wa kupaua watahitaji kuegemeza ngazi juu zaidi, kwenye mita 3.6 au zaidi. Hapo robo inakuwa sentimita 90, ngazi fupi ya sasa haitatosha, na kila wanapoihamishia upande mwingine wa nyumba kamba zifunguliwe na kufungwa upya, chini kwanza, kabla mtu hajakanyaga kipandio cha kwanza.